Sufuria ya Komeo

Najua hujanijibu "tega", lakini natega hivyo hivyo: kinu kimejaa, mchi umegoma. Ukishindwa nipe mji. Basi, usihangaike na miji, jibu nitakupa mwenyewe, maana kitendawili hiki hakimo katika vile vya watoto. Ni kinywa cha mfiwa. Chakula kimo, meno yapo, na hakuna kinachoshuka.

Ndivyo alivyokuwa mshona mito tangu mumewe alipofariki.

Mume huyo alikuwa fundi kufuli. Alikuwa na meza yake kando ya barabara, chini ya kipande cha bati, na funguo zimening'inia juu ya kichwa chake zikigongana kila gari lilipopita. Chini ya meza alilala mbwa wa rangi ya kutu, sikio moja limesimama, jingine limelala, jina lake Komeo. Fundi alisema kampa jina hilo kwa sababu akishajilaza mlangoni, hata upepo unabisha hodi.

Siku moja mchana Komeo alirudi nyumbani peke yake. Hakubweka. Alikaa mbele ya mlango akamtazama mshona mito, na mshona mito akajua, kabla hajawaona watu waliokuwa wanakuja nyuma ya mbwa wakitembea polepole kama watu wasiotaka kufika. Moyo ulisimama ghafla, walimwambia. Ufunguo aliokuwa anauchonga ulikuwa bado umebanwa kwenye jiliwa, nusu una meno, nusu hauna.

Watu walilia. Yeye hakulia. Usidhani alijikaza; alilitafuta chozi kama mtu anavyotafuta kibanio alichokiweka sasa hivi, asilione. Baada ya mazishi alirudi kazini, kwenye karakana ya mito na magodoro, akaendelea na kazi yake ileile: mto ukishajazwa pamba unaletwa kwake, yeye anauziba mdomo kwa mshono usioonekana. Mkono ulishona vizuri kuliko siku zote. Mkono haukuwa na habari.

Wifi yake alihamia nyumbani kumshika mkono. Wifi huyo, dada pekee wa marehemu, alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwanamke mpana mwenye mikono ya kugeuza sufuria kubwa, asiyejua kupikia watu wawili. Naye pia hakuonekana akilia. Siku ya mazishi alishinda anahesabu sahani na kufokea waliopanga viti vibaya. Majirani walinong'ona kuhusu wote wawili. Mmoja, walisema, hakumpenda mumewe. Mwingine ana moyo wa chuma kama masufuria yake. Ulimi hauna mfupa, ndugu zangu.

Kila jioni mshona mito aliporudi, alimkuta wifi amekaa kwenye ngazi ya nyuma, beseni mapajani, anakata vitunguu. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. Hakuyafuta.

"Vitunguu vya siku hizi vikali, wifi," alikuwa akisema, bila kuinua kichwa.

"Vikali kweli," mshona mito alijibu, akapita.

Na kila siku beseni lilizidi kujaa. Wifi aliviunga vile vitunguu mpaka vikayeyuka, ukabaki mchuzi mzito wa rangi ya udongo, mtamu kwa harufu, nyama zinaogelea humo. Kisha akaandaa, akakaa upande wa pili wa meza, viwiko mezani, kumsimamia mwenzake kama mtahiniwa.

"Kula, wifi. Aliyekufa kafa, mwenye tumbo ale."

Mshona mito alitia kipande kinywani. Akatafuna. Kikawa kama pamba. Akakizungusha upande huu na upande ule, kikagoma kushuka, na wifi anatazama. Basi akajifunza ujanja: anajifuta midomo, kipande kinahamia kiganjani, kiganja kinashuka chini ya meza, na ulimi wa moto unakipokea. Komeo, ambaye tangu msiba alikuwa akilala miguuni pake, hakutoa sauti. Mkate nao aliuchovya kwenye mchuzi mpaka ukalowa, akaupitisha njia ileile. Wifi akiinuka kwenda kuleta maji, sahani nzima inaingia kwenye bakuli la mbwa, kabla maji hayajafika mezani.

Sahani ikarudi jikoni safi. Wifi akafurahi, kama anavyoweza kufurahi mtu wa moyo wa chuma. Alisema mdomo haumsahau mwenyewe. Kesho yake akaongeza.

Hapa lazima nieleze jambo la Komeo, usije ukanihesabu mwongo. Yule mbwa alikuwa hali chakula ambacho mtu hajakionja. Fundi ndiye aliyemzoesha. Kila jioni alimpikia kwa mkono wake, kwenye sufuria ndogo iliyokatika mkono mmoja: nyama na maji, basi. Hakutia chumvi wala mafuta wala chochote. Ikiiva anaitoa mifupa yote, anapasua kipande cha kwanza, anakila mwenyewe, anameza, ndipo anampa mbwa. Mshona mito alikuwa akimcheka. Alimwita mwonja chakula wa mfalme. Fundi alijibu kwamba mlinzi hali asichokila bosi wake. Kwa nini chakula chenyewe kiwe chapwa namna ile, hakueleza, wala mshona mito hakuuliza. Ni mambo ya mtu na mbwa wake. Baada ya msiba sufuria ilibaki imetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa jikoni, na hakuna aliyeigusa.

Kwa hiyo nyama iliyotoka kinywani mwa mke wa fundi, au kwenye sahani aliyokuwa akiilia, kwa Komeo ilikuwa nyama iliyoonjwa. Hakuwa na shaka nayo.

Wiki ile ikapita, nyingine ikaingia. Gauni la mshona mito likaanza kumpwaya, na Komeo naye akaanza kubadilika. Kwanza hakumsindikiza tena mpaka kona. Halafu akawa anahema amelala, mbavu zinakwenda mbio, kama aliyepanda mlima usingizini. Mshona mito aliyaona hayo kama mtu anavyoona mvua ya mtaa wa pili.

Kazini alikuwapo mwanamke mmoja aliyeitwa Redio, kwa sababu hazimwi. Alimuuliza mshona mito mbona anakonda, halafu, kwa kuwa hakupewa jibu, akauliza habari za mbwa. Mshona mito akasema mbwa si mzima sana. Anakula nyama ya mezani lakini amechoka.

"Ya mezani, iliyopikwa?" Redio aliuliza. "Basi hapo hapo. Mbwa ni wa nyama mbichi. Wewe umeshamwona mbwa mwitu na jiko?"

Mzee mchambua pamba, aliyekuwa akipiga chafya kwenye kona yake tangu asubuhi, akasema nyama mbichi ndiyo inayoleta minyoo, na mbwa akiizoea damu ataonja na yako. Mbwa mwitu hana jiko kwa sababu hana kiberiti. Angekuwa nacho tungeona. Redio akasema mzee huyu anawajua mbwa mwitu kwa sababu ni ukoo. Msimamizi akaja kunyamazisha watu, akaishia kusimulia mbwa wa mjomba wake aliyekula wali maisha yote akafa kwa uzee. Kila mmoja alikuwa na mbwa wa ndugu yake kama shahidi. Karakana nzima ikagawanyika, mbichi huku, iliyopikwa kule, na mshona mito katikati akiendelea kuziba midomo ya mito.

Hata hivyo, akirudi nyumbani alinunua kipande kibichi, akakiweka mbele ya Komeo. Komeo akakinusa, akageuza uso.

Asubuhi iliyofuata alimkuta uani, amesimama miguu imeachana, anatetemeka. Kwenye saruji palikuwa na mkojo. Ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, wenye wekundu ndani yake. Mshona mito alichuchumaa, akainua mdomo wa mbwa kwa kidole gumba, kama alivyomwona mumewe akifanya. Fizi zilikuwa nyeupe kama kitambaa cha mto.

Umewahi kukalia mguu ukafa ganzi, ukausimamisha? Unajua pana sakafu, lakini huisikii. Ndivyo alivyojisikia. Alijua kwamba hapa pana jambo la kuogopa. Alijua kwamba huyu akiondoka, ndani ya nyumba hatabaki yeyote aliyekuwa akiinuka kwa kusikia hatua za fundi kutoka kona. Alilijua hilo waziwazi, kama jina la mtaa. Akamwita wifi yake.

Walimpakia Komeo kwenye toroli aliyobebea fundi vifaa vyake, wakatandika gunia. Wifi alisukuma, mshona mito akashika kichwa cha mbwa. Njiani mwanamume mmoja aliyekuwa akipiga mswaki mlangoni mwake akauliza wanampeleka wapi mbwa huyo.

"Saluni," wifi akamjibu, bila kusimama.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke kijana, mikono ya koti imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Chumba chake kilinuka dawa na manyoya. Meza ilikuwa ya bati, ukutani palikuwa na picha ya ng'ombe, na kwenye benchi alikaa mfugaji mwenye kuku ndani ya kikapu. Daktari aliwaamkia, akamtazama Komeo macho na fizi, akambonyeza tumbo, akavuta damu kidogo kwenye bomba la sindano, akaishika mbele ya dirisha. Hakuipenda.

Aliuliza kama kuna sumu ya panya nyumbani. Hakuna. Aliuliza kama mbwa anazurura. Siku hizi haendi popote. Akauliza anakula nini, na wifi akajibu upesi kwamba anakula mabaki kidogo tu ya sahani, na mifupa hapewi, yeye mwenyewe huitupa.

"Nikijua alichokula, najua pa kuanzia," daktari alisema. "Nisipojua, napapasa. Na damu yenyewe imebaki kidogo, mama zangu, sina muda mrefu wa kupapasa."

Mshona mito akauliza swali la karakana: je, mbwa kupewa nyama iliyopikwa ni hatari?

"Nyama kupikwa si kosa. Inamfaa tu. Kosa huwa ni vile vilivyopikwa nayo." Daktari akawatazama wote wawili. "Nani anapika?"

Wifi akasimama wima, kama mpishi yeyote anavyosimama akiulizwa kazi yake. Akataja mafuta, nyanya, chumvi ya kiasi, vitunguu. Kalamu ya daktari ikasimama.

"Vitunguu huvunja damu ya mbwa," alisema. "Vibichi au vilivyoiva, ni mamoja, moto hauondoi kile kitu. Lakini kwa mabaki kidogo ya sahani, mbwa mkubwa kama huyu asingefika hapa. Huyu amekula vingi, na amekula mfululizo. Nani anamlisha?"

Wifi akasema hapana, mabaki yenyewe ni kidogo, wifi yake siku hizi anamaliza sahani, hata yeye mwenyewe anashangaa. Alisema hivyo kwa fahari kidogo. Ndicho kitu pekee alichokuwa amekifanya kikafanikiwa tangu amzike ndugu yake.

Mshona mito alisikia kimya kilichofuata. Angeweza kukiacha. Angeacha kila sahani safi ibaki kuwa sahani safi, na daktari apapase. Chini ya kiganja chake kichwa cha Komeo kilikuwa kinacheza kwa kuhema, na sikio lililosimama lilikuwa limelala.

"Sijala, wifi," akasema. "Chakula chako chote kakila yeye."

Wifi aligeuka. Alimtazama mwenzake, akatazama gauni linavyompwaya, kama ndiyo kwanza analiona. Kuku akajigeuza kikapuni.

Daktari akauliza, taratibu, ni vitunguu vingapi kwa siku.

"Beseni," wifi akasema.

"Beseni? Kwa watu wawili?"

"Nilikuwa sihesabu. Nilikuwa nakata tu." Akatazama mikono yake mikubwa. "Ndipo nilipokuwa namlilia."

Mfugaji kwenye benchi akainamia kikapu chake. Mshona mito alitaka kumgusa wifi bega, na aliona mkono wake mwenyewe ukibaki pale pale, juu ya kichwa cha mbwa. Daktari aliandika alichoandika, akaenda kufunga dripu.

Walikaa hapo mpaka chupa ikaisha. Daktari akawaambia sasa mambo mawili: sumu haiongezwi tena, na mbwa ale. Akila leo au kesho, mwili utaanza kutengeneza damu yake, polepole, na atapona. Akigoma kula, arudishwe, na hapo hawezi kuahidi kitu. Ale nyama ya kuchemsha, isiyo na kitunguu maji wala kitunguu saumu wala chumvi, na isiyo na mfupa, maana mfupa uliopikwa hupasuka kama sindano.

"Kama alivyokuwa akimpikia mwenyewe," mshona mito alisema.

"Alijuaje?" wifi akauliza. Daktari hakujua wanamzungumzia nani. Aliyejua hakuwapo wa kuulizwa.

Wakarudi na toroli yao, wifi anasukuma. Walipofika nusu ya njia akauliza, "Hata kipande kimoja?"

"Hata kimoja."

"Na ile siku uliyosema mchuzi mtamu?"

"Nilisema tu."

Wifi akasukuma hatua kadhaa. "Kumbe nimekuwa mpishi wa mbwa, na cheo sikukijua," akasema. Hakuna aliyecheka, lakini neno lilitembea nao mpaka nyumbani.

Nyumbani mshona mito aliitungua sufuria msumarini. Ilikuwa na vumbi, akaisuuza. Akatia nyama na maji, akawasha moto. Wifi akasimama katikati ya jiko, kisu mkononi, akatafuta beseni kwa macho.

"Nikate nini?"

"Usikate kitu, wifi. Kaa."

Akakaa. Mikono aliiweka mapajani, viganja juu, kama mtu aliyepewa vitu vya watu avishike. Sufuria ikaanza kuchemka. Kisha machozi yakaanza kumtoka wifi, yaleyale, mpaka kidevuni, na jikoni hapakuwa na kitunguu hata kimoja. Hakusema kitu kuhusu ukali wa chochote. Mshona mito alivuta kigoda akakaa karibu naye, bega kwa bega, wakangoja nyama.

Ilipoiva akaiacha ipoe, akaichambua kwa vidole, akakaa sakafuni mbele ya gunia la Komeo. Akampa kipande. Komeo hakukitazama. Akakumbuka, akakitia kinywani kwanza, akakitafuna, akakitoa kiganjani kama siku zote, akampelekea. Komeo akageuza kichwa, akafumba macho.

Mimi sisemi mbwa anajua. Huenda ilikuwa homa tu. Nasimulia ilivyokuwa.

Mshona mito alikirudisha kile kipande kinywani. Wifi alikuwa anamtazama, na safari hii hakuweka viwiko popote wala hakumwambia ale. Alitafuna. Kikawa pamba. Akaendelea kutafuna. Alimwona fundi, si uso, koo tu, lile kongomeo likipanda na kushuka kabla mkono haujampelekea mbwa haki yake. Akafumba macho, akameza. Kilishuka kama jiwe kisimani. Alikisikia njia nzima, mpaka kilipotua.

Akachukua kipande kingine, akakinyoosha. Pua ya Komeo ilikisogelea, ikakaa juu yake. Kisha ulimi ukatoka, ule wa moto, ingawa leo haukuwa na moto mwingi, ukakichukua.

Wifi akaisogeza sufuria karibu nao.

Kimoja chake, kimoja cha mbwa. Walikwenda hivyo, taratibu, kama wazee wawili wanaocheza bao na hakuna anayetaka kushinda. Komeo alikula kidogo tu, akaweka kidevu juu ya mguu wa mshona mito na kulala, na mbavu zilikuwa zimepunguza mbio kidogo kuliko asubuhi, au ndivyo walivyotaka kuziona. Sufuriani vilikuwa vimebaki vipande. Mshona mito alijikuta ameshika kimoja, hamlishi mtu.

"Haina chumvi," akasema.

Wifi aliinuka, akajifuta uso kwa upande wa kanga, akaleta kikopo. Alimimina kidogo kwenye ukingo wa sahani, upande ulio mbali na mbwa, akaisukuma kwake.

"Yako wewe tu hiyo," akasema.

Mshona mito alichovya. Haikuwa tamu. Lakini alijua kwamba ni chumvi.